Hili kopo lisilo na waya kwenye mashine ya maji ya bahari linaokoa umeme, au tunapigwa?

#1 Fundi Mafiati

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa pampu na mashine za kuchuja maji hapa Mbeya. Hizi za vituo vya madumu nazifungua hata umeme ukiwa umekatika. Mwezi uliopita shemeji yangu akaniita pwani, anasimamia nyumba ya wageni yenye mashine ya kutoa maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) kwenye maji ya bahari.

Kwenye fremu kuna pampu kubwa ya pistoni, mota kilowati 11, fezi tatu. Pembeni kuna pampu ndogo ya kilowati 1.5. Katikati ya mabomba kuna kopo nene, refu kama mkono wa mtoto. Halina waya, halina shafti inayotoka nje wala mota, halina hata geji. Mabomba manne, mawili huku na mawili kule. Likifanya kazi linalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Bosi wao anasema hilo ndilo linalorudisha umeme. Nilicheka.

Sasa kilichonileta hapa. Kopo lilianza kukwaruza. Nikalitoa, maji ya kutupa nikayaelekeza baharini moja kwa moja kupitia koki ya sindano, ile pampu ndogo nikaizima. Mashine ikawaka vizuri tu, na amita ya pampu kubwa ikashuka kutoka ampia 16 hadi 12. Yaani nimetoa kifaa cha kuokoa umeme na umeme umepungua! Nikamwambia shemeji, mliuziwa kipande cha bomba kwa bei ya Noah.

Wiki mbili baadaye ananipigia kwa hasira. Matangi hayajai. Tanki la lita 5,000 lililokuwa linajaa kwa saa moja na robo, sasa ni saa tatu na ushee. Geji ya presha ilikuwa inasoma bar 58, ikawa 45. Na wageni wanasema chai ina chumvi.

Anayejua anifafanulie, maana nikijumlisha sioni.

#2 Viazi Mviringo

Nipo siti ya mbele na chipsi zangu. Fundi umeshuka milimani kwenda kuichokonoa bahari.

Na bar 58? Hata baa za Mwanjelwa nzima hazifiki.

#3 Dereva Tunduma

Rahisi tu. Ndani ya hilo kopo kuna dainamo. Maji yanayotupwa yanaizungusha, umeme unarudi kwenye mota. Ni kama treni ya umeme ikishika breki, inarudisha moto kwenye waya wa juu.

#4 Kamwene Ipogolo

Kamweneee. Dereva, mtu kasema HALINA WAYA. Huo umeme unarudi kwa maombi?

Mimi niko upande wa fundi. Maji yatoke kwenye mashine, halafu yaisaidie mashine hiyohiyo kusukuma maji? Hiyo ni mashine ya milele. Kila mwaka kuna mtu anaizunguka nchi nayo, na kila mwaka kuna mtu anatoa hela.

#5 Mwl wa Mtwivila

Dereva na Kamwene wote mmekosa, ila mmekosa kwa kupishana.

Anzieni kwenye chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukiyatenganisha na maji baridi kwa utando, maji baridi ndiyo yanayokimbilia kwenye chumvi, na nguvu ya huko kukimbilia ni kama bar 27. Ukitaka yarudi kinyume ni lazima uizidi. Tena kadiri unavyokamua, yanayobaki yanazidi kuwa makali, kwa hiyo mashine za bahari zinatembea kati ya bar 55 na 70. Bar 60 ni sawa na maji yaliyosimama kwenye bomba la mita 600 hivi kwenda juu. Walio Mbeya watoke nje waitazame Loleza: kutoka mjini hadi kileleni ni kama mita 950. Theluthi mbili ya mlima huo, kila lita.

Sasa sikilizeni hapa. Katika lita 10 zinazoingia, zinazotoka baridi ni kama 4. Sita zinatupwa. Na hizo sita hazijapoteza presha! Zimeingia na 58, zinatoka na 57 au 56, kwa sababu zimepita tu juu ya utando, hazikupenya. Umelipia kuzipandisha lita 10 mlimani, umechukua 4, halafu 6 unazimwaga kutoka juu kupitia koki ya sindano. Nguvu yote ile inaishia kuwa kelele na joto kidogo kwenye koki.

Kopo halizalishi kitu, Kamwene. Linachukua presha ya wanaotoka na kuwapa wanaoingia. Hakuna umilele hapo.

#6 Fundi Mafiati

Mwalimu, nusu nimekupata. Lakini amita? 16 kuja 12. Macho yangu niliyapeleka mwenyewe.

#7 Chura wa Kihansi

Nimefanya vibarua kwenye mitambo ya umeme wa maji, niongezee. Pale Kihansi maji yanashuka kama mita 850, yanapiga turbaini tatu za Pelton, kila moja megawati 60, jumla 180. Kwa hesabu ya Mwalimu hiyo ni bar 80 na kitu. Kwa hiyo maji ya kutupa ya fundi, yenye bar 57, ni Kihansi ndogo kabisa inayomwagwa baharini.

Na si hadithi. Mitambo ya bahari ya miaka ya 1980 ilifungwa Pelton kwenye shafti moja na pampu. Maji ya chumvi kali yanapiga vikombe, gurudumu linaisaidia mota. Kopo la fundi ni Pelton imefungiwa ndani.

#8 Viazi Mviringo

Wewe chura si walisema mmeisha?

#9 Chura wa Kihansi

2009 walitangaza tumetoweka porini. Wenzetu, vyura wa Kihansi, walikuwa wanalelewa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko Marekani, wanakula kuliko wewe. Turudi kwenye mada.

#10 Bint Kyela

Ugonile. Nimeendesha mashine kama hiyo Unguja miaka mitatu kabla sijarudi kwetu kwenye kokoa. (Fundi, ukienda tena pwani usiagize "maji baridi" mgahawani ukitegemea ya friji, unaweza kuletewa ya mtungi.)

Chura, umesema kweli kuhusu Pelton, ila kopo la fundi si Pelton. Pelton ina shafti, na yeye amesema hakuna shafti inayotoka nje wala mota iliyoshikana nalo. Mabomba manne, kelele ya nyuki, pampu ndogo pembeni: hicho ni kibadilisha presha cha rota. Aliyekibuni ni Mnorwei, Leif Hauge, na kampuni ya Energy Recovery ilianzishwa 1992 kwa ajili yake.

Ukilifungua ndani utakuta pipa la kauri, nyeupe kama kikombe cha chai, lina matundu marefu yamelizunguka kama chemba za bastola. Hilo pipa ndilo pekee linalozunguka, na linazungushwa na maji yenyewe. Fuata tundu moja tu. Likiwa upande wa presha ndogo, maji mapya ya bahari yanaingia na kulijaza. Pipa linageuka, tundu linaziba pande zote mbili kwa kufumba na kufumbua, kisha linafunguka upande wa presha kubwa. Hapo maji ya kutupa yenye bar 57 yanaingia kwa nyuma na kuyasukuma yale mapya yatoke mbele yakiwa na bar karibu hizohizo. Pipa linageuka tena, maji mapya yanaingia na kuyafukuza ya zamani kwenda baharini, sasa hayana nguvu. Matundu yote yanapokezana hivyo, mara nyingi mno kwa dakika. Hiyo ndiyo kelele.

Pampu ndogo uliyoizima kazi yake ni kuongeza zile bar mbili tatu zilizopotea njiani.

#11 Dereva Tunduma

Aaa, kumbe ni Coaster ya Uyole saa kumi na mbili jioni. Wanaopanda mlango wa mbele wanawasukuma wa ndani watokee nyuma, konda hagusi mtu.

#12 Bint Kyela

Nimecheka, lakini ndiyo hiyohiyo.

#13 Kamwene Ipogolo

Ngoja ngoja. Kati ya maji mapya na ya kutupa ndani ya hilo tundu kuna nini? Pistoni? Mpira?

#14 Bint Kyela

Hakuna kitu. Maji kwa maji.

#15 Kamwene Ipogolo

Basi yanachanganyika. Nimewakamata.

#16 Bint Kyela

Yanachanganyika, ndiyo, kidogo. Pale yanapokutana panabaki kipande cha maji mchanganyiko kinachokwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya tundu, hicho ndicho kinafanya kazi ya pistoni. Kwa mashine iliyopangwa sawa, chumvi ya maji yanayoingia kwenye membreni (ule utando wa Mwalimu) inapanda asilimia 2 au 3. Unailipa kwa bar moja hivi ya ziada. Kuna aina nyingine zina pistoni kabisa ndani ya mabomba marefu, hazichanganyi sana, ila zina vali za kutunza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

#17 Chura wa Kihansi

Sawa, nimekubali si Pelton. Lakini bado nauliza, kwa nini wahame? Pelton ni chuma, inajulikana, fundi yeyote wa Iringa anaweza kuichonga. Kauri ikipasuka unaiagiza ulaya.

#18 Mwl wa Mtwivila

Kwa sababu ya kubadili fedha mara mbili, Chura. Ukitoka shilingi kwenda dola halafu dola kwenda shilingi, kila dirisha linakata chake. Pelton inageuza presha kuwa mzunguko, tuseme inabakiza asilimia 85. Halafu pampu inageuza mzunguko kuwa presha, inabakiza 80. Zidisha: 68. Kopo halibadili kitu, presha inaingia presha inatoka, na linabakiza 95 na zaidi.

Sasa kuhusu ampia za fundi, nimekaa nazo tangu jioni. Kanuni ya mfukoni: mita za ujazo kwa saa, mara bar, gawa kwa 36, unapata kilowati zinazoingia kwenye maji. Tanki la lita 5,000 kwa saa moja na robo ni mita za ujazo 4 kwa saa. Kwa mgawo wa 4 kwa 6, maji ya kutupa ni mita 6, yaani membreni zinapitiwa na mita 10 kwa saa. Kuzisukuma zote 10 kwa bar 60 unahitaji kilowati 16.7 majini, na ukiweka hasara za pampu na mota unazidi 20. Pampu yenu ina mota ya 11! Haikununuliwa isukume mita 10. Ilinunuliwa isukume mita 4, zile tu zinazotoka baridi. Mita 6 zinapandishwa na kopo.

Fundi alipotoa kopo, pampu ya pistoni iliendelea kutoa mita zake 4, haijui nyingine. Sasa hizo 4 zikawa ndizo za kugawana: 1.6 baridi, 2.4 baharini. Maji yanayopenya ni machache, kwa hiyo presha ikashuka hadi 45, na presha ikishuka mota inapumua. Ndiyo 12 zako.

Lakini usihesabu ampia, hesabu tanki. Ampia 16 kwa fezi tatu ni kama kilowati 9.4. Mara saa moja na robo, yuniti kama 12. Weka moja ya pampu ndogo, 13. Bila kopo: ampia 12 ni kilowati 7, mara saa tatu na ushee, yuniti 22.

#19 Dereva Tunduma

Yaani gari linakula dizeli kidogo kwa saa kwa sababu limekwama kwenye tope.

#20 Fundi Mafiati

Mwalimu umeniua. Tisa kila tanki, na yuniti moja ni kama shilingi 350. Elfu tatu na ushee kila tanki, na wao siku ya wageni wengi wanajaza manane. Shemeji asiuone huu uzi.

Ila swali: presha imeshuka, kwa nini maji yazidi kuwa na chumvi? Mimi nilidhani presha ndogo inasukuma chumvi kidogo.

#21 Bint Kyela

Kila mtu anadhani hivyo mara ya kwanza. Chumvi inayopenya membreni haijali sana presha, inavuja kwa mwendo wake uleule kwa sababu ya tofauti ya ukali pande mbili. Maji ndiyo yanayofuata presha. Ukipunguza presha, kijiko cha chumvi ni kilekile ila kikombe cha chai kimekuwa kidogo.

#22 Mama Madumu

Samahani wanangu, mimi nina kituo cha maji Mwanjelwa, mashine inatoa lita 500 kwa saa na inatupa 500. Hizo 500 zinaniuma roho. Hilo kopo naweza kufungiwa na mimi? Linauzwaje?

#23 Viazi Mviringo

Mama usithubutu, Fundi Mafiati atakufungia halafu akuzimie pampu.

#24 Fundi Mafiati

Shikamoo mama. Usimsikilize huyo. Mashine yako haifiki hata bar 10, maji ya bomba la Mbeya hayana chumvi ya kupigana nayo. Kwa kanuni ya Mwalimu: nusu mita, mara bar 9, gawa 36, ni wati 125. Hata kopo likirudisha zote ni taa chache, halitalipa bei yake wewe na wajukuu zako. Hizo lita 500 kinga kwenye tanki, osha madumu na kupigia deki. Kama kuna bustani, sawa, pima chumvi kwanza.

#25 Mama Madumu

Marahaba. Ndaga fijo mwanangu. Deki tayari, madumu nitaanza.

#26 Mzee wa Makete

Nimesoma kimya kimya. Vijana mnashangaa bahari wakati jambo hilo liko juu ya vichwa vyenu. Huku Makete maji yetu ni ya mserereko, yanatoka chanzo cha mlimani yanashuka vijiji kwa vijiji. Mteremko ni mkali kiasi kwamba inabidi tujenge matangi ya kuvunja presha njiani, maana bila hayo mabomba yanapasuka. Maji yanaingia tangini yanapiga ukuta, basi. Presha tuliyopewa bure na Mungu tunajenga zege la kuiua!

Mdogo wangu alichukua pampu ya zamani ya shamba, akaipitishia maji kinyume, mota ikawa jenereta. Iliwasha taa za nyumba nne na redio. Msimu wa mvua ukaja mchanga, ikaisha mapanga ya ndani.

#27 Chura wa Kihansi

Shikamoo mzee. Pampu kugeuzwa turbaini ni kitu halali kabisa, na mitambo ya kwanza ya bahari ilifanya hivyohivyo kabla ya Pelton. Tatizo lake inataka maji ya kiwango kimoja muda wote, yakipungua inachoka haraka.

#28 Mzee wa Makete

Marahaba. Na hydram je? Misheni walikuwa nayo bondeni, inagonga tak, tak, tak usiku kucha bila mafuta wala waya, inapandisha maji hadi shule. Maji mengi yanashuka kidogo, machache yanapanda sana. Huyo si ndugu wa kopo?

#29 Mwl wa Mtwivila

Shikamoo mzee. Ni binamu. Hydram inakamata mshtuko wa maji yanaposimamishwa ghafla, kopo linakabidhi presha taratibu. Ila roho ni moja: mwenye maji ya kutupa amsukume asiyetupwa. Mfaransa Montgolfier, yule wa maputo, alitengeneza ya kujigonga yenyewe tangu 1796.

#30 Kamwene Ipogolo

Sikubali ubinamu. Hydram inapoteza maji ili ipate presha, kopo linapokea presha iliyokwisha kulipiwa. Ni mkopo na zawadi, haviwezi kuwa ukoo mmoja.

#31 Dereva Tunduma

Kamwene ulianza kwa kusema ni utapeli, sasa unagawa koo.

Na mimi nina moja. Kwenye Scania moshi unaotoka unazungusha turbo, turbo inasukuma hewa inayoingia. Hakuna ya maji?

#32 Bint Kyela

Dereva leo umegonga. Ipo, na inaitwa turbo hivyohivyo. Magurudumu mawili kwenye shafti moja, maji ya kutupa yanazungusha moja, la pili linaongeza presha kwa maji yanayoingia. Ni rahisi kutunza kuliko kopo, ila inarudisha kidogo, kwa sababu ileile ya Mwalimu ya kubadili fedha mara mbili. Meli nyingi na hoteli ndogo wanaipenda.

#33 Kamwene Ipogolo

Kwa hiyo wakiboresha zaidi na zaidi siku moja maji ya bahari yatakuwa bure?

#34 Mwl wa Mtwivila

Hapana. Hata mashine isiyo na hasara yoyote, ukitaka kutoa nusu ya maji ya bahari kuwa baridi, chumvi yenyewe inadai kama yuniti 1 kwa mita ya ujazo. Bila kurudisha nguvu ilikuwa 6 hadi 8. Mitambo mikubwa ya leo inatembea kwenye 3 hivi, pamoja na kuvuta maji baharini na kuyachuja kwanza. Nafasi iliyobaki ni ndogo.

#35 Viazi Mviringo

Na sisi Njombe mvua inanyesha mpaka viazi vinaoza shambani. Leteni bomba tuwauzie pwani, mserereko mtupu.

#36 Fundi Mafiati

Wakuu nimerudi na mzigo mpya. Wiki iliyopita nilishuka pwani kwa hela yangu, nikalirudisha kopo. Nililifungua kwanza. Kauri haikupasuka, ila kwenye uso wa pipa kuna mikwaruzo ya duara, ukipitisha ukucha unaisikia. Nikaosha kwa maji safi, nikalizungusha kwa kidole, likateleza kama barafu. Nikaulizia filta ya mwanzo, wakaniambia waliitoa mwezi ule kwa sababu "ilikuwa inaziba". Sikusema neno.

Nikafunga, nikaweka filta mpya, nikawasha pampu zote mbili. Kukwaruza hakuna, nyuki wamerudi. Tanki linajaa saa moja na dakika ishirini. Ila geji haisomi 58 tena, inasoma 63. Na maji yaliyokuwa na TDS (kipimo cha chumvi iliyoyeyuka) 350 kabla ya yote haya, sasa ni 520.

#37 Kamwene Ipogolo

Nilisema yanachanganyika! Ile mikwaruzo inavujisha chumvi kwenda upande wa maji mapya. Membreni zinalishwa maji makali kuliko bahari, presha lazima ipande na chumvi ipande. Kesi imekwisha.

#38 Chura wa Kihansi

Kesi haijaanza. Mwambieni kwanza: ile pampu ndogo ya 1.5 ulipoirudishia nyaya, ulihakiki inazunguka upande gani? Fezi mbili zikipishana inazunguka kinyume, maji yanatoka lakini kidogo. Hapo maji yanayopita juu ya membreni yanapungua, zile mita 4 zinakamuliwa kwenye maji machache, yanakuwa makali. Geji inapanda, chumvi inapanda. Dalili zilezile za Kamwene, na dawa ni bisibisi.

#39 Dereva Tunduma

Au bahari imepata joto. Msimu huu pwani ni jiko.

#40 Bint Kyela

Joto lingepandisha chumvi, sawa, lakini lingeshusha presha, maana membreni ikipata joto inapitisha maji kirahisi. Kwake vyote viwili vimepanda. Joto litolewe.

Mimi wasiwasi wangu uko kwenye membreni zenyewe. Wiki mbili zilipitiwa na mita 4 badala ya 10, yaani maji yalikuwa yanatambaa, na filta hakuna. Uchafu umekaa. Membreni chafu inadai presha na inavujisha. Hata ukigeuza nyaya na kubadili kopo, hiyo haiondoki mpaka zioshwe.

#41 Mwl wa Mtwivila

Yote matatu yanatoa 63 na 520, ndiyo ubaya wake. Fundi, pima chumvi sehemu mbili: maji ya bahari kabla ya kopo, na maji yanayoingia kwenye membreni baada ya pampu ndogo. Tofauti ikiwa asilimia 2 au 3, kopo ni zima na Kamwene anyamaze. Ikiwa 10, tuongee mengine.

#42 Kamwene Ipogolo

Na ikiwa 10, Mwalimu utanunua soda.

#43 Bint Kyela

Hata ikiwa 10 si lazima iwe mikwaruzo. Kama maji mapya yanayoingia kwenye kopo ni pungufu ya yale ya kutupa, tundu halioshwi likaisha, mabaki ya chumvi yanarudi. Angalia pampu ya baharini kwanza, huenda chujio lake huko majini limejaa mwani.

#44 Fundi Mafiati

Nimewaelewa. Tatizo, kipimo changu cha TDS ni hiki cha mfukoni cha maji ya kunywa, mwisho wake 9,990. Nilikitumbukiza kwenye maji ya bahari kikaandika Er kikazima.

#45 Viazi Mviringo

Hata kipimo kimekataa kazi.

#46 Bint Kyela

Zimua. Chukua bomba la sindano la duka la dawa, sehemu moja ya maji ya bahari, sehemu tisa za maji ya chupa ambayo umeshayapima. Changanya, pima, fanya hivyohivyo kwa sampuli ya pili kwa chupa ileile na sindano ileile. Hutapata namba ya maabara, na kama tofauti ni asilimia 2 mkono wako utaipoteza, ila ikiwa 10 utaiona. Na usipime yakiwa na joto tofauti.

#47 Chura wa Kihansi

Kabla ya sindano, bisibisi. Dakika tano.

#48 Fundi Mafiati

Naondoka Ijumaa usiku na basi. Shemeji amesema nikija bila jibu nilale ufukweni.

#49 Dereva Tunduma

Ijumaa naondoka na mzigo wa Dar, nikukute Makambako saa nne usiku, okoa nauli. Kitonga tunashuka na breki ya injini, utapata muda wa kufikiria presha inayopotea.

#50 Viazi Mviringo

Kama kuna nafasi nyuma, nina gunia sita za kwenda Dar.